Marehemu Dikembe Mutombo na Hospitali ya Mama Yake

Jumatatu ya tarehe 30 Septemba 2024, katika mji wa Atlanta nchini Marekani, alifariki dunia Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, akiwa na umri wa miaka 58. Maradhi yaliyomwondoa yalikuwa uvimbe wa ubongo, na tangu Oktoba 2022 ilikuwa imekwisha tangazwa kwamba yuko katika matibabu. Habari ya kifo ilipoenea, mashabiki wa mpira wa vikapu walimkumbuka kwa ishara moja wanayoijua wote: kidole cha shahada kimeinuliwa juu, kinatikiswa kushoto na kulia, kama mzazi amkatazaye mtoto kuchezea kisu.

Wasomaji wetu, hasa kina mama, huenda wakauliza mchezaji wa Marekani ametufikiaje katika ukurasa huu. Jawabu la kwanza ni kwamba yumo majumbani mwetu zamani. Wana wetu huzitaja timu za ligi ya NBA kwa ufasaha ambao laiti wangeutumia kuwataja jamaa zao wa ukoo, na jezi zake huzivaa hata siku ya kutumwa sokoni. Jawabu la pili ni mama yake, na huko tutafika.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale wasioufuatilia. Watu watano hucheza na watano, na kikapu huwa juu mita tatu na sentimita tano kutoka ardhini. Mwenye mpira huutupa ili uingie. Mpinzani aweza kuupiga mpira huo ukiwa bado unapanda, lakini ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni haruhusiwi tena kuugusa, na akiugusa mtupaji huhesabiwa alama zake kana kwamba ameingiza. Basi mwenye kuzuia mitupo hana nafasi ila ya kufumba na kufumbua. Akiruka mapema, mtupaji humsubiri atue kisha hutupa kwa starehe. Akichelewa, amekwisha kosa. Akimgusa mkono mwenzake badala ya mpira, refa hupuliza kipenga.

Mutombo alikuwa na kimo cha mita 2.18, na watu wengi hudhani kwamba kimo hicho ndicho kilichokuwa siri yake yote. Warefu katika ligi ile ni wengi, na aghalabu hawazuii kitu. Yeye alijua kungoja. Katika mechi 1,196 za misimu 18 alizuia mitupo 3,289, karibu mitatu katika kila mechi, na katika historia ya ligi aliyempita kwa hesabu hiyo ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mwenye 3,830. Huyo Olajuwon ni yule ndugu yetu Muislamu ambaye alikuwa akicheza mechi za NBA hali amefunga Ramadhani, na kisa chake chastahili makala ya peke yake. Tulitaje hili kwa fahari kidogo: wazuiaji wawili wakubwa kuliko wote katika ligi ya Marekani walizaliwa Lagos na Kinshasa.

Mara nne Mutombo alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima, mwaka 1995, 1997, 1998 na 2001. Jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa ulinzi ni kazi isiyo na sifa nyingi. Anayeingiza mpira hupigiwa makofi. Anayezuia usiingie, alama zake hazionekani ubaoni popote. Labda ndiyo sababu alikibuni kile kidole. Alipouzuia mtupo alimgeukia mtupaji na kukitikisa, huku mashabiki wakiitikia kwa sauti kwamba hapana, nyumbani kwake hapaingiwi.

Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani, mbele ya walimu wasiopenda mtu ajitape, hatukuweza kuitazama ishara ile bila kukunja uso. Kumdhihaki uliyemshinda si adabu. Hata wakubwa wa ligi waliona hivyo, wakaifanya kuwa kosa la kuadhibiwa akimwelekezea mchezaji mwenzake. Naye akawa anawageukia mashabiki na kuwatikisia wao, wakafurahi zaidi. Hata hivyo insafu yatutaka tuseme kwamba alikuwa na tabasamu usoni, na akitaniwa alipokea. Msimu wake wa kwanza, mwaka 1991, Michael Jordan alipiga mtupo wa adhabu mbele yake amefumba macho, na mpira ukaingia. Katika mechi za mtoano za mwaka 1997 Jordan huyo huyo alimrukia juu, akautumbukiza mpira kikapuni kwa mkono, kisha akamtikisia kidole chake mwenyewe. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na Mutombo aliendelea kutania na kutaniwa kwa ajili yake hadi uzeeni.

Lakini waulizeni mashabiki wa makamo ni siku gani wanayoikumbuka kwanza, nao watawatajia Mei 1994. Mutombo alikuwa akichezea Denver Nuggets, timu iliyomchagua mwaka 1991 akiwa wa nne miongoni mwa wachezaji wapya. Denver iliingia mtoano ikiwa ya nane, yaani ya mwisho katika upande wake, ikapangiwa Seattle SuperSonics iliyoshinda mechi 63 msimu ule. Timu ya nane ilikuwa haijapata hata mara moja kumtoa wa kwanza. Aliyeshinda mechi tatu kati ya tano ndiye aliyesonga mbele, na Denver walipoteza mbili za mwanzo. Wakashinda ya tatu, wakashinda ya nne. Ya tano ilichezwa nyumbani kwa Seattle, ikamalizika sare, ikaenda muda wa ziada, na Denver wakashinda kwa alama 98 kwa 94. Katika mechi hizo tano Mutombo alizuia mitupo 31.

Kipenga cha mwisho kilipolia, mpira ulikuwa mikononi mwake. Alianguka chali sakafuni, akaunyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, kinywa wazi, akicheka na kulia kwa pamoja. Alifariki zaidi ya miaka 30 baadaye, na bado picha hiyo ndiyo iliyochapishwa kuliko nyingine zote.

Na mtu huyu hakutoka nyumbani kwenda kucheza mpira. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1966 katika familia ya Waluba yenye watoto wengi. Baba yake, Samuel, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Udogoni Dikembe alikuwa mlinda lango wa kandanda, na mpira wa vikapu aliuanza akiwa kijana mkubwa, baada ya baba na kaka yake kumsukuma kwa ajili ya urefu wake. Alilotaka yeye ni udaktari. Mwaka 1987 alipata ufadhili wa serikali ya Marekani, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington ili aje kuwa tabibu na kurudi kwao. Alikuwa na Kifaransa na lugha kadhaa za Kongo, lakini Kiingereza chake kilikuwa kidogo mno.

Pale chuoni alimkuta kocha John Thompson, ambaye zamani alikuwa mchezaji wa akiba nyuma ya Bill Russell katika timu ya Boston. Thompson aliweka juu ya meza yake mpira usio na upepo, ili kila kijana aingiaye auone na akumbuke kwamba siku moja mpira utaisha upepo. Chini ya mikono yake Mutombo akawa mchezaji. Katika mechi moja ya mwaka 1989 alizuia mitupo 12. Masomo ya udaktari yalimshinda kuyachanganya na ratiba ya mazoezi na safari, lakini masomo hakuyaacha. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu ya lugha na diplomasia. Wazazi wenye vijana wanaosema watakwenda kucheza na kuacha shule wanaweza kuitumia tarehe hiyo watakavyo.

Baada ya Denver alikaa Atlanta miaka mitano, na nyumba yake ikawa huko hadi kufa. Mwaka 2001 alihamishiwa Philadelphia, akafika fainali pamoja na Allen Iverson, wakashindwa na Los Angeles Lakers. Akafika fainali tena mwaka 2003 na New Jersey, wakashindwa tena. Kombe hakulipata kamwe. Kisha New York, na mwisho Houston, ambako alikwenda kuwa msaidizi wa Mchina Yao Ming. Mashabiki wa Houston wanamkumbuka kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2008 timu yao ilikuwa imeshinda mechi 12 mfululizo, Yao akavunjika mguu. Mutombo, mwenye umri wa miaka 41, akaingizwa mahali pake, na ushindi ukaendelea hadi mechi 22. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, goti lake liliumia katika mechi ya mtoano dhidi ya Portland. Alijua hapo hapo kwamba yamekwisha, na akastaafu.

Mwaka 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa mpira wa vikapu. Timu za Atlanta na Denver zilizitundika darini jezi zake nambari 55, asizivae mwingine. Mashabiki wenye kumwiga walikuwa wakiiga pia sauti yake, nzito na yenye kukwaruza kama jiwe la kusagia, na wengine waliomjua kwa tangazo la biashara tu, ambamo anawazuia watu kutupa takataka ofisini na kuweka bidhaa kwenye troli dukani, walisikitika kama waliomwona Seattle. Yeye na mkewe Rose walilea watoto wao pamoja na watoto wa ndugu waliofariki. Mwanawe Ryan alikwenda Georgetown, chuo kile kile, akacheza nafasi ile ile, kisha akahamia Georgia Tech, mjini Atlanta, mwaka aliofariki baba yake.

Sasa tumfikie mama.

Aliitwa Biamba Marie. Mwanawe alipokuwa akijipatia mamilioni ya dola kwa kuzuia mitupo, nchi yao ilikuwa ikiporomoka. Mei 1997 Mobutu alikimbia, majeshi ya Laurent Kabila yakaingia Kinshasa, na jina la Zaire likafutwa, amani haikuja. Katika ghasia za miaka hiyo Biamba Marie alipatwa na kiharusi nyumbani kwake. Kulikuwa na kafyu, na njia zilikuwa zimefungwa. Waliokuwa naye hawakuweza kumfikisha hospitali, na akafa. Mwenye kujua kiharusi anajua kwamba saa za mwanzo ndizo zenye kuamua. Damu isipofika sehemu ya ubongo, sehemu hiyo hufa kwa dakika. Fedha za mwanawe, ambazo zingeweza kumnunulia matibabu popote duniani, hazikumnunulia gari la kupita barabara moja ya mji wake. Watu wetu wa visiwa vya Lamu, ambao wamewahi kukaa gatini usiku na mgonjwa wakingoja boti, hawahitaji kuelezwa.

Mwaka 1997 Mutombo alianzisha wakfu wake wa kuwasaidia watu wa Kongo, na kazi aliyojitwika ikawa kujenga hospitali. Tunaomba wasomaji wavumilie tukilieleza jambo hili kwa urefu, maana magazeti ya michezo hulipitia kwa sentensi moja: alijenga hospitali, kana kwamba alinunua gari.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2001, na ujenzi haukuanza hadi mwaka 2004. Miaka mitatu kiwanja kilikaa hivi hivi. Wafadhili walikuwa wagumu kupatikana. Serikali ilikaribia kukichukua kiwanja kwa kuwa hakitumiki. Wakimbizi wa vita walikuwa wamekwisha lima humo, na ilibidi walipwe ndipo waondoke. Na wapo waliosema kwamba mtu hatoi mali kiasi hicho bure, bila shaka autaka ukubwa wa siasa. Ilimlazimu azunguke akiwahakikishia watu kwamba haja yake ni hospitali tu. Hayo yote aliyashughulikia huku bado ni mchezaji, akisafiri kila wiki kutoka mji hadi mji kwenda kurukaruka na vijana waliokuwa karibu nusu ya umri wake. Mtu yeyote aliyepata kukaa katika kamati ya kujenga msikiti au madrasa, akaona mchango unavyochelewa na maneno yanavyotangulia, atajua ni subira gani hiyo.

Jengo lilipokamilika gharama ilifika dola milioni 29. Milioni 15 na zaidi zilitoka mfukoni mwake mwenyewe. Sherehe ya kuifungua ilifanyika Septemba 2006, na mwaka 2007 wagonjwa wakaanza kupokewa. Ina vitanda 300. Imejengwa Masina, pembezoni mwa Kinshasa, si mbali na uwanja wa ndege na karibu na soko, mahali ambapo wakazi ni wengi na walio wengi ni maskini. Ingekuwa rahisi kuiweka katika mitaa ya mabalozi. Miaka karibu 40 ilikuwa imepita mji ule haujajengewa hospitali mpya ya kiasi hicho. Wanawake wengi walioingia humo kujifungua hawakuwahi kuona mpira wa vikapu ukichezwa. Juu ya lango waliona jina la mwanamke mwenzao.

Januari 2007 Rais George Bush alimtaja Mutombo katika hotuba yake ya kila mwaka kwa taifa, naye ameketi ukumbini, ametokeza juu ya vichwa vya wote. Sisi tungependa zaidi kukumbusha jambo dogo lililotangulia. Mwaka 1996 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Atlanta, na timu ya wanawake ya mpira wa vikapu ya Zaire ilikuwa imefuzu. Nchi yao haikuwa na cha kuwapa. Mutombo aliwalipia sare na matumizi yao, wakacheza wamevaa kama wenzao. Mama yake na hospitali hazikuwamo bado katika habari. Alikuwa kijana wa miaka 30 mwenye fedha mpya, umri ambao wengi hununua magari.

Baada ya kustaafu alikuwa balozi wa NBA duniani, akazunguka Afrika akifundisha vijana. Alikuwa miongoni mwa waliotia mali yao katika NBA Africa, na ligi ya bara letu ilipoanza mwaka 2021, mechi zake za kwanza zilichezwa hapa jirani, Kigali. Mwaka huo huo, nje ya Mbuji-Mayi, katika nchi ya Waluba wenzake, alifungua shule ya bure yenye kufundisha sayansi na ujasiriamali. Hiyo aliipa jina la marehemu baba yake, Samuel Mutombo. Mwaka uliofuata ndipo maradhi yake yalipotangazwa.